Joseph Dutton: homa aliyoichunguza Kisangani ndiyo iliyomuua Kasongo

Mtoto anapata homa kali. Siku tatu anatetemeka, kichwa kinamuuma, kisha homa inaondoka yenyewe na watu wa nyumba wanapumua. Wiki mbili hazijapita, homa inarudi. Wanasema ni malaria, wananunua tena zile dawa za juzi. Inaondoka, inarudi. Katika mitaa ya Kisangani na katika vijiji vingi vya mashariki ya Kongo, hadithi ya namna hii haishangazi mtu.

Lakini kuna homa moja yenye tabia hiyo ambayo haina uhusiano wowote na mbu. Inaletwa na papasi, kile kidudu cha rangi ya udongo kinachojificha katika nyufa za nyumba na kutoka usiku, ambacho vitabu vya Kongo vinakiita pia kimputu. Mmoja wa watu wa kwanza kuonyesha kwamba papasi ndiye anayepitisha homa hiyo alifanya kazi yake hapa hapa, karibu na maporomoko ya Wagenya, mwisho wa mwaka wa 1904. Jina lake ni Joseph Everett Dutton. Tarehe 27 mwezi wa pili 1905 alikufa Kasongo, katika Maniema ya leo, na homa ile ile ilikuwa imemushika. Alikuwa na miaka 30 tu.

Bakteria ya homa hiyo inaitwa leo Borrelia duttonii. Jina la kijana huyo limebaki humo. Na ndugu za bakteria hiyo, siku hizi, wanatafutwa kwa mashini zinazosoma jeni, hata ndani ya damu ya mbwa. Kisangani wachache wanamjua mwenye jina.

Dutton alizaliwa tarehe 9 mwezi wa tisa 1874 huko Higher Bebington, upande wa pili wa mto kutoka mji wa Liverpool, Uingereza. Baba yake alikuwa mwuzaji wa dawa. Alisoma katika mji wa Chester, kisha akaingia shule ya udaktari Liverpool na kumaliza mwaka wa 1897. Hakupenda sana kufungua kabine na kungojea wagonjwa. Alipenda labo. Akapata msaada wa masomo ya kuchunguza magonjwa, na wakati ule Liverpool palikuwa mahali pazuri kwa mtu wa aina hiyo, kwa sababu mwaka wa 1898 mji ulifungua shule ya magonjwa ya inchi za joto, na Ronald Ross, yule aliyeonyesha kwamba mbu analeta malaria, alikuja kufundisha humo.

Hapa kuna jambo moja ambalo si vizuri kulipita. Aliyetoa feza za kuanzisha shule ile ni Alfred Jones, tajiri wa meli. Meli zake zilifanya biashara na Afrika ya magharibi, na pia na Kongo ya mfalme Leopold wa pili. Yeye mwenyewe alikuwa konsuli wa Kongo ile mjini Liverpool. Wazungu wengi walikuwa wanakufa kwa homa, na biashara ilikuwa inapoteza watu. Basi sayansi ya Dutton ilizaliwa ndani ya nyumba ya biashara. Hiyo haiondoi ukweli wa alichokiona katika mikroskopu, lakini inaeleza ni nani aliyelipa tiketi ya meli.

Mwaka wa 1900 alienda na kikundi cha watafiti Nigeria, kuchunguza mbu na malaria. Mwaka uliofuata alitumwa peke yake Gambia. Huko alikutana na daktari Robert Forde, ambaye alikuwa amesumbuka na mgonjwa mmoja, nahodha wa mashua ya serikali. Forde alikuwa ameona vitu vinavyocheza ndani ya damu ya yule nahodha na hakujua ni nini. Mwezi wa kumi na mbili 1901, Dutton aliangalia damu ile na akatambua: ni tripanosoma, kidudu ambacho mpaka siku ile kilijulikana katika damu ya wanyama kama farasi na ngombe. Ndani ya mtu hakuna aliyekuwa amekitambua hivyo. Mwaka wa 1902 akakipa jina, Trypanosoma gambiense.

Wakati ule hakujua kwamba ameshika mzizi wa ugonjwa wa usingizi. Hiyo ilijulikana mwaka wa 1903, wakati Aldo Castellani alipokuta tripanosoma katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa Uganda, na David Bruce akaonyesha kwamba mbung'o ndiye anayeipitisha. Kidudu cha Gambia na kile kinacholaza watu wa Kongo ni kile kile. Ugonjwa huo bado upo, na inchi yetu ndiyo yenye wagonjwa wengi kuliko inchi nyingine yote.

Mwaka wa 1902 Dutton alirudi Afrika ya magharibi, safari hii na kijana wa Kanada, John Lancelot Todd. Hao wawili walielewana. Kwa hiyo mwaka wa 1903, wakati Leopold alipoomba shule ya Liverpool itume watu kuchunguza ugonjwa wa usingizi uliokuwa unamaliza vijiji vya Kongo, walipanda meli pamoja, na daktari wa tatu, Cuthbert Christy.

Walifika katika Kongo mbaya. Mwaka huo huo wa 1903 konsuli wa Uingereza, Roger Casement, alipanda mto na kuandika habari za mateso ya mpira: watu waliopigwa, waliofungwa, waliokatwa mikono. Ripoti yake ilitoka mwanzoni mwa 1904, wakati Dutton na wenzake walikuwa tayari wanapima damu huku chini, Boma, Matadi, Leopoldville. Watu walikuwa wanakimbia vijiji, wanalala porini, wanabeba mizigo ya serikali mbali na kwao. Hali ya namna hiyo ni chakula kwa ugonjwa. Madaktari wa Liverpool walikuwa wageni wa ile serikali, wakisafiri kwa mashua zake na kulala katika vituo vyake, na kazi waliyoombwa ilikuwa ya kuangalia damu tu.

Katika hiyo kazi, Dutton alikuwa na tabia moja ambayo baadaye ilimusaidia sana: aliangalia sakafu. Daktari wengi wanaangalia kitanda na mgonjwa aliye juu yake. Yeye na wenzake walichimbua udongo ambao watu walitandikia mikeka, na mwaka wa 1904 wakaandika habari za buu mmoja mweupe anayeishi ndani ya vumbi la nyumba na kutoka usiku kunyonya damu ya mtu aliyelala chini. Wakaaji wa Kongo walimujua huyo buu tangu zamani, ndiyo maana wenye uwezo walilala juu ya vitanda vya miti. Kwa vitabu vya Ulaya alikuwa habari mpya.

Christy aliacha safari katikati ya 1904 na kurudi kwao. Dutton na Todd wakaendelea kupanda mto, kituo kwa kituo, mpaka mashua zinapokomea, Stanley Falls, Kisangani ya leo.

Kisangani ilikuwa tayari njia panda. Kutoka magharibi, mashua za mto na Lingala. Kutoka mashariki, njia za misafara zilizofunguliwa na Waarabu na Waswahili wa Tippu Tip, kupitia Nyangwe na Kasongo mpaka Tanganyika na pwani ya bahari. Kwa njia hizo kulipita Kiswahili, mchele, nguo, watumwa na pembe. Na ndani ya mikeka na mizigo ya wasafiri alipita pia papasi. Katika zile nyumba za kupumzikia wasafiri, ambamo leo analala huyu na kesho yule, papasi alikuta damu mpya kila usiku.

Watu wa njia hizo hawakungojea daktari kuwaambia kwamba papasi analeta homa. Walijua. Msafiri Livingstone naye alikuwa ameandika nusu karne mbele kuhusu kupe wa bonde la Zambezi ambaye akikuuma unaugua. Wazungu wengi walidharau maneno hayo. Wengine walifikiri ni sumu ya kidudu, kama ya nge. Wengine walisema ni malaria tu.

Basi Dutton na Todd wakachukua damu ya wagonjwa wa hiyo homa wakati mwili unawaka, wakaiweka chini ya mikroskopu. Hawakuona vidudu vya malaria. Waliona nyuzi nyembamba zilizojikunja kama springi, zikiruka ruka katikati ya chembe nyekundu za damu. Spiroketi. Namna hiyo ilijulikana Ulaya katika homa ya kurudia inayopitishwa na chawa. Mjerumani Otto Obermeier alikuwa ameiona Berlin. Sasa ilikuwa hapa, katika damu ya watu wasiokuwa na chawa lakini waliolala na papasi.

Kuona haitoshi. Kuku akiwa ndani ya nyumba iliyoibiwa, haina maana kwamba kuku ndiye mwizi. Ilipaswa kuonyesha kwamba kidudu kinatoka kwa mtu, kinaingia kwa papasi, kinatoka kwa papasi na kuingia katika mwili mwingine. Wakakusanya papasi, wakawaacha waume nyani. Nyani wakapata homa, na damu yao ikajaa zile nyuzi. Kisha wakafanya jambo ambalo lilikuwa la akili sana: walichukua papasi watoto, waliotoka katika mayai ya mama wenye ugonjwa, ambao hawajamuuma mgonjwa hata mmoja tangu kuzaliwa. Hao nao wakaambukiza nyani. Maana yake, mama papasi anapitisha ugonjwa kwa watoto wake ndani ya yai. Nyumba inaweza kukaa bila mgonjwa muda mrefu na bado ikawa na ugonjwa ndani ya ukuta, kwa sababu papasi mwenyewe anaweza kuishi miaka na kukaa muda mrefu bila kula.

Hii ndiyo sehemu ya kazi yake ambayo mtu wa Tshopo ao Maniema anaweza kutumia hata leo bila labo. Papasi hafanani na kupe wa mbwa anayeshika ngozi siku nzima nzima na kuvimba. Papasi anakuja usiku, anakunywa kwa nusu saa ao chini ya hapo, anarudi katika ufa wake. Asubuhi mtu hamuoni. Ndiyo sababu watu wengi wenye homa ya papasi wanaapa kwamba hakuna kilichowauma.

Wakiwa bado katika furaha ya kazi, habari ikawafikia kwamba wamepitwa. Katika Uganda, madaktari wawili Waingereza, Philip Ross na Arthur Milne, walikuwa wamekuta jambo lile lile wiki chache mbele na kulitangaza katika gazeti la madaktari mwezi wa kumi na moja 1904. (Huyu Ross si yule wa malaria, ni jina tu.) Kwa mtafiti, hapana kitu kinachouma kama hicho. Lakini Ross na Milne hawakuwa wamefanya yote: ile habari ya papasi kupitisha ugonjwa kwa watoto wake ilitoka Kongo. Mwaka wa 1905 mjerumani Robert Koch, akifanya kazi Tanganyika, aliona spiroketi ndani ya mayai yenyewe ya papasi.

Bei yake ilikuwa kubwa. Wote wawili, Dutton na Todd, walishikwa na homa waliyokuwa wanaichunguza. Kwa Dutton inafikiriwa kwamba aliambukizwa akiwa kazini, wakati wa kupasua maiti, siku ambazo glavu hazikuwa desturi. Homa ikaja, ikaondoka, akasimama, akarudi kazini. Ndiyo ubaya wa ugonjwa huu, unamwachia mtu siku za kudanganyika kwamba amepona.

Walitoka Kisangani wakapanda kusini. Reli ya kwenda Ponthierville, Ubundu ya leo, ilikuwa bado inajengwa. Ilifunguliwa mwaka wa 1906. Kasongo walikofika ulikuwa mji wa Waswahili, uliokuwa mikononi mwa Tippu Tip na mtoto wake Sefu mpaka askari wa Leopold walipouteka mwaka wa 1893. Tippu Tip mwenyewe alikuwa bado hai, mzee, Zanzibar. Naye alikufa mwaka huo huo wa 1905. Kasongo kulikuwa na papasi wengi na wagonjwa wengi. Dutton na Todd wakaendelea na nyani wao na mikroskopu yao.

Huko nguvu za Dutton zikamuishia. Todd, ambaye mwenyewe alikuwa ametoka kuugua, alimuuguza. Hakukuwa na dawa. Peniselini ilikuwa mbali zaidi ya miaka thelathini. Alikufa tarehe 27 mwezi wa pili. Inasimuliwa kwamba watu wengi sana wa Kasongo walikuja kwenye mazishi, kwa maana alikuwa amewatibu wengi katika siku zake chache.

Todd alibeba madaftari na vioo vya damu, akamalizia safari peke yake. Ripoti ya homa ya papasi ya mashariki ya Kongo ilitoka Liverpool mwaka wa 1905, majina mawili juu yake, mmoja tayari kaburini. Mwaka wa 1906 watafiti wa Marekani, Frederick Novy na mwenzake Knapp, wakaipa spiroketi hiyo jina la marehemu. Baadaye ikaingizwa katika ukoo wa Borrelia, jina la mtafiti Mfaransa Amédée Borrel.

Na majina ya watu wa Kisangani na Kasongo waliotoa damu, waliokamata papasi ndani ya nyumba zao, waliobeba sanduku za vioo kwenye kichwa? Hakuna kidudu kilichopewa jina lao.

Kuna upande mwingine wa urithi huo ambao unaleta uchungu. Dutton na Todd walikuwa wameona kwamba mtu mwenye tripanosoma mara nyingi anavimba tezi za shingo, na kwamba kumushika shingo tu kunasaidia kumujua. Kutoka hapo Todd alishauri serikali kuzuia watu wasitembee, na kuwatenga wagonjwa. Mwaka wa 1906 Leopold aliwapokea Todd, Ronald Ross na Rubert Boyce wa shule ya Liverpool na kuwapa medali. Kwa miaka iliyofuata, katika kaskazini na mashariki ya Kongo, kushikwa shingo na askari ao munganga wa serikali lilikuwa jambo la kuogopesha: ukikutwa na tezi unapelekwa lazareti, na wengi walioingia hawakutoka. Dutton alikuwa amekufa. Kama angekubali ao angekataa, hakuna anayeweza kumjibia. Lakini wazo lilianzia katika safari yake.

Sasa, kutoka kile kioo cha damu cha 1904 mpaka mashini za leo.

Mikroskopu ya Dutton ina shida moja ambayo haijabadilika. Spiroketi zinaonekana katika damu wakati homa iko juu. Homa ikishuka, zinapotea katika kioo, lakini hazijaisha mwilini. Zinabadilisha koti: mwili unapojifunza kutambua ngozi yao, chache kati yao zinavaa ngozi nyingine, zinazaana, na homa inarudi. Mtu anayepimwa siku ya utulivu anaambiwa hana kitu. Na kwa macho peke yake, spiroketi ya papasi na ile ya chawa zinafanana kabisa.

Kupima jeni kunapita shida hiyo kwa njia nyingine. Kila bakteria ina ADN yake, kama vile kila jimbo lina plaki zake za gari. Mashini ya PCR, ambayo wazo lake lilitoka kwa Mmarekani Kary Mullis mwaka wa 1983, haitafuti umbo. Inatafuta kipande cha maandiko ya ADN ambacho bakteria ile peke yake inacho. Damu inawekwa katika kichupa chenye dawa ya kuzuia isigande, ADN inatolewa, kisha mashini inapasha joto na kupoza, inapasha na kupoza. Kila mzunguko kipande kinachotafutwa kinajizidisha mara mbili. Mizunguko 30 inatosha kutoa nakala karibu miliari moja kutoka kipande kimoja. Kama kipande hakikuwemo, hakuna kinachozidi.

Wakaaji wa Kisangani wanaijua mashini ya namna hiyo bila kujua jina la kazi yake: GeneXpert, ile inayopima makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu, inafanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Lakini kartushi ya kifua kikuu inatafuta bakteria ya kifua kikuu peke yake. Mtu mwenye homa ya papasi akipitishwa humo, mashini itasema hakuna kitu, na itakuwa imesema kweli.

Katika wanyama, njia hii imefungua macho. Chukua mbwa. Mbwa wa Tshopo analinda nyumba, anaingia porini kuwinda, usiku analala karibu na jiko. Kupe wa kawaida wa mbwa, yule wa kahawia, anapitisha bakteria nyingine inayoitwa Ehrlichia canis, ambayo inaingia ndani ya chembe nyeupe za damu. Watafiti Wafaransa waliitambua Algeria mwaka wa 1935, na katika vita ya Vietnam iliua mbwa wengi sana wa jeshi la Marekani. Mbwa anapata homa, anakataa chakula, fizi zinakuwa nyeupe, mara nyingine damu inamtoka puani, na mwenyewe anasema amepewa sumu na jirani. Urafiki umekufa katika mitaa mingi juu ya sumu ambayo haikuwepo. Kupima jeni kunaweza kuonyesha bakteria hiyo hata wakati mikroskopu haioni kitu.

Na ni kwa kupima jeni kwamba ndugu za bakteria ya Dutton zilijulikana ndani ya mbwa. Katika Israeli, mbwa na paka waliokuwa na homa walipimwa ADN, na ikakutwa Borrelia persica, inayopitishwa na papasi wa mapango. Marekani, katika jimbo la Texas, mbwa wamekutwa na ndugu mwingine. Kama daktari angeangalia damu ya mbwa hao haraka haraka, angeona spiroketi bila kujua ni ipi, ao asingeona kabisa.

Kwa bakteria yenyewe ya Dutton, watu waliamini kwa miaka mingi kwamba inaishi kwa mtu na papasi tu. Kisha watafiti wakaenda katika kijiji kimoja cha jimbo la Dodoma, Tanzania, ambako homa ya papasi inasumbua sana watoto na wanawake wenye mimba. Wakapima ADN katika damu ya kuku na nguruwe wanaolala na watu, na wakakuta bakteria humo. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2007. Mwaka uliofuata jeni zote za Borrelia duttonii zilisomwa tangu mwanzo mpaka mwisho, pamoja na zile za bakteria ya chawa, na ikaonekana kwamba ile ya chawa ni kama duttonii iliyopoteza sehemu ya vitu vyake. Dutton alikuwa amesimama mbele ya mlango huo na mikroskopu peke yake.

PCR nayo si mungu. Damu ikichukuliwa kisha mgonjwa ao mbwa amekwisha kula antibiotike, mashini inaweza kukosa bakteria. Ikichukuliwa na kusafirishwa vibaya kwenye jua, ADN inaharibika. Na jibu la hapana halimalizi maneno kama kidudu siku ile kilikuwa kichache katika damu. Hata hivyo kuna tofauti kubwa na kile kipimo cha haraka cha kingamwili, ambacho mara nyingi kinasema tu kwamba mwili ulikutana na kidudu siku moja, labda mwaka uliopita.

Homa yenyewe inatibika. Dawa za ukoo wa tetrasikline, peniselini na eritromisine zinaiua, chini ya uangalizi wa munganga, kwa sababu katika saa za kwanza spiroketi zinapokufa kwa wingi mgonjwa anaweza kuzidiwa ghafula. Kwa mama mwenye mimba na mtoto mchanga hatari ni kubwa zaidi. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kufikiria homa hiyo. Kipimo cha haraka cha malaria, kile cha tone la kidole na mistari miwili, hakiwezi kuionyesha hata siku moja.

Lakini kile kioo cha damu nzito ambacho wauguzi wa vituo vya afya wanapaka kila siku kutafuta malaria ni karibu kile kile ambacho Dutton na Todd walipaka hapa Kisangani. Kikichukuliwa wakati homa iko juu, mbele ya dawa, na anayeangalia akikaa dakika chache zaidi kutafuta nyuzi zilizojikunja, spiroketi zinaweza kuonekana humo humo, bila kartushi na bila kutuma damu Kinshasa.